Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati na Waziri wa Kilimo: pumba za Usangu zianze kwa kukausha mpunga

Kwa Waheshimiwa,
Waziri wa Nishati,
Waziri wa Kilimo.

Nakala: Wakala wa Nishati Vijijini (REA), Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), na Halmashauri ya Wilaya ya Mbarali.

YAH: GESI YA PUMBA NA MAGUNZI – TUANZE NA JOTO, UMEME UFUATE

Waheshimiwa Mawaziri, poleni na majukumu.

Mimi ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga katika Bonde la Usangu. Kazi yangu ni kubadilisha roli za mpira, kukaza mikanda, kusafisha machujio na kufufua mota zilizoungua. Kwa hiyo mahali ninapopajua zaidi ni nyuma ya kinu, upande ambao mnunuzi wa mchele hafiki. Huko ndiko bomba linakotema pumba.

Kila tani moja ya mpunga inayokobolewa huacha takriban kilo 200 za pumba. Sizungumzii zile pumba laini za kulishia ng'ombe na nguruwe, ambazo zina soko lake. Nazungumzia maganda magumu. Pita barabara ya TANZAM msimu wa mavuno, kuanzia Chimala hadi Igurusi, au ingia Rujewa na Ubaruku, utaviona vilima vyake. Wachoma tofali huchukua sehemu, wafugaji wa kuku huchukua kidogo kwa ajili ya kutandika mabanda. Zinazobaki huwashwa moto ili nafasi ipatikane. Moto wa pumba hauna ndimi, unafukuta ndani kwa ndani kwa siku kadhaa, na moshi wake hutambaa chini hadi kwenye nyumba za jirani. Watoto wanakohoa, na mwenye kinu anajua, lakini hana pengine pa kuzipeleka.

Kilo moja ya pumba kavu ina joto la megajuli 13 hadi 15, yaani karibu theluthi ya joto la kilo moja ya dizeli. Tukipiga hesabu, kilo 200 zinazobaki kwenye tani moja ya mpunga zina joto la lita zipatazo 70 za dizeli. Tani milioni moja za mpunga zinaacha tani 200,000 za pumba, na nchi yetu inavuna zaidi ya hapo. Ndiyo maana naandika. Tunachoma mafuta tuliyoyalima wenyewe, halafu mkulima huyohuyo anaanika mpunga wake chini akiomba mvua isinyeshe, na shule iliyo jirani na kinu inaagiza kuni kutoka msitu wa mbali.

Njia ya kuzitumia ipo na si ngeni. Gasifaya ni tanuru refu la chuma ambalo hewa yake imekabwa kwa makusudi: inaingia robo hadi theluthi tu ya hewa ambayo ingehitajika kuunguza pumba zote zikaisha. Kwa kukosa hewa ya kutosha, pumba haziwaki zikaishia kuwa majivu. Kwanza zinakauka, kisha joto linazivunja zitoe mvuke wa lami na gesi, na kinachobaki kinakuwa kaa. Hewa ukaa (kaboni dayoksidi) na mvuke wa maji vikipita katikati ya kaa jekundu, vinageuka kuwa kaboni monoksidi na haidrojeni, gesi mbili zinazowaka. Pamoja nazo kuna methani kidogo, na karibu nusu ya ujazo wote ni naitrojeni iliyoingia na hewa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, petroli ilipoadimika Ulaya, magari laki kadhaa yalitembea kwa gesi ya namna hii iliyotokana na kuni na mkaa.

Gesi hii ni hafifu. Mita moja ya ujazo ina megajuli 4 hadi 6 tu, wakati bayogesi ya samadi ina nguvu kama mara nne ya hiyo. Haifai kujazwa kwenye mitungi na kusafirishwa; inabidi itumike palepale inapozaliwa. Na pumba zenyewe ni nyepesi mno: Fuso lililojaa pumba hadi juu limebeba uzito mdogo kuliko linavyoonekana, na dizeli ya safari inakula faida yote. Kwa sababu hizo mbili, mahali pa mtambo huu ni kinuni. Mradi wowote utakaoletwa mezani kwenu ukisema utakusanya pumba za mikoa mitatu na kuzipeleka kwenye kituo kimoja kikubwa, naomba muuangalie kwa makini sana kabla hamjaweka saini.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kila tunaposikia habari za mabaki ya mazao na nishati, tunasikia umeme. Wageni huja na michoro ya jenereta na nguzo. Ombi langu kwenu ni kwamba tuanze na joto, na sababu yangu ni ya kifundi.

Adui wa injini inayotumia gesi hii ni lami. Gesi ikitoka kwenye tanuru ikiwa ya moto, lami iko katika hali ya mvuke, haionekani. Ukiipoza ili iingie kwenye injini, lami inaganda: kwenye mabomba, kwenye vali, kwenye pistoni. Ili kuizuia unahitaji kuiosha gesi kwa maji na kuipitisha kwenye machujio ya pumba, ya vumbi la mbao na ya kitambaa, na machujio hayo yanataka kubadilishwa kwa ratiba isiyorukwa hata siku moja. Maji ya kuoshea yanatoka meusi, yana fenoli, kemikali yenye sumu, na hayafai kumwagwa kwenye mfereji. Nawaomba mlitazame hili kwa macho ya Usangu, ambako mfereji wa kinu unaishia kwenye mashamba na hatimaye kwenye Mto Ruaha Mkuu, unaokwenda Mtera na Kidatu. Kambodia, katika miaka ya 2000, vinu vingi vya mpunga vilifunga gasifaya na kupunguza dizeli kwa zaidi ya nusu. Lilikuwa jambo kubwa kwa wenye vinu, lakini maji meusi yakawa tatizo lililobaki kwenye mashimo nyuma ya vinu vyao.

Ukiichoma gesi hiyohiyo ikiwa bado ya moto, mita chache kutoka kwenye tanuru, lami inawaka pamoja nayo. Hakuna maji ya kuoshea wala vali ya kuziba. Mtambo unabaki na vitu ambavyo fundi wa kawaida wa Igurusi au Kyela anaweza kuvitengeneza: ngoma ya chuma, matofali ya kuhimili moto, feni ndogo, bomba na kichomeo. Ugumu unapungua kwa zaidi ya nusu, na faida inamfikia mkulima katika msimu uleule.

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, joto hilo kazi yake ya kwanza ni kukausha. Mpunga unavunwa ukiwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 25, na unatakiwa ufike 14 ndipo ukobolewe au uhifadhiwe. Kuutoa kwenye 22 hadi 14 ni kuondoa karibu kilo 90 za maji katika kila tani. Leo tunafanya hivyo kwa turubai na jua. Jua kali la mchana linakausha ganda haraka kuliko kiini, umande wa usiku unalowesha tena, na punje inapata nyufa ambazo mkulima hazioni. Zinaonekana kwangu, kwenye mashine, pale mchele unapokatika na gunia la chenga linapojaa upesi kuliko la mchele. Mkulima analaumu kinu. Mara nyingi kinu hakina kosa, mchele ulishavunjika ukiwa kwenye turubai. Huko Kyela hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa mvua huendelea hadi wakati wa mavuno na jua lenyewe halipatikani.

Pumba za tani moja ya mpunga zina joto la kutosha kukausha zaidi ya tani moja, hata mtambo ukiwa unapoteza nusu ya joto lake. Maana yake kinu hakihitaji kununua kuni wala gesi kutoka nje. Kinajitosheleza na ziada inabaki.

Nitaulizwa kwa nini tusichome pumba moja kwa moja kwenye tanuru la kawaida. Inawezekana, na Vietnam, kwenye Delta ya Mekong, wamekausha hivyo kwa miaka mingi. Sipingi. Lakini moshi na majivu mepesi ya pumba huingia kwenye mpunga kama hakuna kibadilisha joto kizuri, na moto wa pumba ni mgumu kuudhibiti. Mpunga wa mbegu hauvumilii hewa inayozidi nyuzi 43 za Selsiasi. Ukizidisha unaua mbegu na huwezi kujua mpaka siku ya kuotesha. Gesi unaifunga na kuifungua kwa vali, na mwali wake hauna majivu mengi. Zaidi ya hapo, gasifaya inakuachia kaa la pumba, ambalo lina kazi kwenye vitalu vya miche na kwenye udongo uliochoka. Uchomaji wa wazi unatuachia majivu tu. Kama wataalamu wenu watapima na kukuta tanuru la kawaida linatosha kwa kinu fulani, lijengwe hilo. Ninachotaka ni pumba zikaushe mpunga.

Na lipo zao ambalo kukausha kwake ni suala la uhai. Mwaka 2016, huko Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walikufa kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, iliyotokana na mahindi. Sumukuvu hustawi pale nafaka inapokaa na unyevu. Baada ya kupukuchua mahindi, mkulima hubaki na magunzi, na magunzi ni chakula kizuri cha gasifaya kuliko hata pumba: ni mazito, yanapitisha hewa vizuri ndani ya tanuru na majivu yake ni machache sana, tofauti na pumba ambazo karibu moja ya tano ya uzito wake ni majivu, nayo mengi yake ni silika, madini yaleyale ya mchanga. Gunzi linaweza kuyakausha mahindi lililoyabeba. Serikali imejenga maghala na kutoa elimu ya sumukuvu katika mikoa kadhaa, na naipongeza kwa dhati. Naomba kila ghala la namna hiyo lifungwe kikaushio kinachokula magunzi.

Mheshimiwa Waziri wa Nishati, upande wako kuna majiko ya taasisi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimetakiwa kuachana na kuni na mkaa. Ni uamuzi sahihi. Ila mkuu wa shule ya bweni iliyo kijijini anapopiga hesabu ya kuchemsha maharage kwa mitungi ya gesi muhula mzima, anarudi kwenye kuni kimyakimya, kwa sababu maharage hayana mkato. Shule hiyo mara nyingi imezungukwa na mahindi au mpunga. Jiko kubwa la gasifaya linalokula magunzi linaweza kuingizwa kwenye orodha ya majiko yanayokubalika chini ya Mkakati, bega kwa bega na mitungi, umeme, bayogesi na mkaa mbadala. Kwa sasa mtu akisema jiko lake linatumia mabaki ya shamba, anaonekana kama anarudisha kuni kwa mlango wa nyuma. Naomba waraka utoke unaotenganisha mti uliokatwa na gunzi lililokwisha kupukuchuliwa.

Mazao mengine nitayapitia haraka. Mkonge haufai kwa njia hii, kwa kuwa masalia yake yamejaa maji. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, na yaliyobaki yanafaa bayogesi, kama ilivyofanyika Hale, Tanga. Maganda ya korosho yana mafuta yanayounguza ngozi na kuchafua mitambo, kwa hiyo Mtwara na Lindi wanahitaji utafiti wao. Pamba inanivutia: kanuni zinamtaka mkulima ang'oe na kuchoma miti ya pamba baada ya mavuno ili kukata mzunguko wa wadudu, kwa hiyo kule kuna kuni zinazochomwa bure kwa amri. Mkoa wa Simiyu au Shinyanga ungeweza kuanza hapo. Tumbaku nayo inakausha majani kwa magogo ya miombo, na sijui kwa nini hatujaanza kuwauliza makampuni ya tumbaku habari za magunzi.

Kuna jambo moja ambalo nalisema kwa msisitizo. Tusiguse mabua yaliyoko shambani. Mabua na majani ya mpunga yakibaki yanafunika udongo, yanalisha mifugo ya wafugaji wanaoingia baada ya mavuno, na yanarudisha rutuba. Mradi wa nishati unaolipia mabua kwa kilo utawafanya watu wafagie mashamba, na baada ya misimu michache tutanunua mbolea zaidi ya thamani ya nishati tuliyoipata. Tuchukue kile tu ambacho tayari kimefika kinuni na kwenye mashine ya kupukuchua. Hicho kinatosha kuanzia.

Umeme siukatai. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115 na nguzo za REA zimefika vijijini, kwa hiyo hoja ya zamani ya kuwasha taa kwa pumba imepungua nguvu. Iliyobaki ni ya kinu kikubwa chenye pumba nyingi na mota nzito, ambacho kinaweza kujiendesha chenyewe na kuuza ziada. Kilo 2 hivi za pumba hutoa uniti moja. Kanuni za EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, za miradi midogo zimeshalegeza masharti kwa mzalishaji wa chini ya megawati 1, na hilo ni jema. Lakini hatua hiyo ije baada ya mafundi kuzoea tanuru la joto kwa misimu kadhaa, wakaijua lami kwa mikono yao.

Mafundi ndio sehemu inayoangusha miradi hii. Kampuni ya Husk Power ilianza mwaka 2007 katika jimbo la Bihar, India, ikiwasha kijiji kwa pumba, na baadaye ikafika hadi hapa Tanzania. Moja ya mambo waliyojifunza mapema ni kwamba mtambo hauendeshwi na mhandisi anayepigiwa simu, bali na kijana wa kijiji aliyefundishwa vizuri. Wakalazimika kuanzisha mafunzo yao wenyewe. Sisi tunayo VETA. Tunao SIDO wa viwanda vidogo, TEMDO wa usanifu wa mitambo na CAMARTEC wa zana za kilimo na teknolojia za vijijini, na hao wa mwisho wanajua kusambaza teknolojia vijijini kwa sababu wamefanya hivyo kwa bayogesi. Mbeya tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Naomba kozi fupi ya waendeshaji na watengenezaji wa gasifaya ianzishwe kwenye chuo cha VETA kilicho karibu na vinu, na ianze kabla mtambo wa kwanza haujanunuliwa. Mtambo uliotangulia fundi wake huishia kuwa chuma chakavu, na wanakijiji wanabaki wakisema kitu hiki kilijaribiwa kikashindikana.

Mafunzo hayo yaanze na usalama. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na ni ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, jambo ambalo watu wa Mbeya na Njombe, kwa baridi yetu, tunalijua kwa misiba. Gasifaya ikae kwenye banda lisilo na kuta, kifaa cha kupimia gesi hiyo kiwepo, na asiwepo mtu wa kulala karibu nayo. Majivu ya pumba nayo yana vumbi la silika linaloharibu mapafu. Barakoa si pambo. Shirika la Viwango (TBS) lipewe kazi ya kuandika kiwango cha mitambo hii kabla soko halijajaa ngoma zilizochomelewa ovyoovyo.

Kuhusu umiliki, mtambo wa majaribio ukiwekwa mikononi mwa mfanyabiashara mmoja, wengine watasubiri waone anguko lake. Skimu za umwagiliaji Mbarali zina vyama vya wakulima vyenye viongozi na akaunti. Kianze chama kimoja, na kinu kimoja, chenye kikaushio kimoja. Hesabu zake zibandikwe ukutani: pumba zilizoingia, mpunga uliokauka, asilimia ya chenga, saa ambazo mtambo ulisimama na sababu yake. Na makubaliano ya bei ya pumba yaandikwe mapema. Uzoefu wa India unaonyesha kwamba taka ikishaanza kununuliwa, bei yake hupanda, na wachoma tofali wetu wakikosa pumba watarudi kwenye miti. Wao nao wakae kwenye kikao hicho tangu siku ya kwanza.

Waheshimiwa, Bunge la Bajeti huanza Aprili na kwenda hadi Juni, na huo ndio wakati ambao mpunga wa Usangu unaingia vinuni. Ninaomba katika bajeti ijayo kila mmoja wenu aweke fungu kwa ajili ya kikaushio hicho kimoja cha majaribio: Kilimo wabebe kikaushio na upimaji wa ubora, Nishati wabebe tanuru na mafunzo. Timu ya wataalamu ije mapema, kati ya Januari na Machi, vinu vikiwa vimepoa na sisi mafundi tukiwa na nafasi ya kukaa nao. Tutawaonyesha ni vinu gani vina eneo la kutosha, ni vipi viko mbali na makazi, na maji ya mvua yanaelekea wapi katika kila kimoja. Halmashauri inaweza kutuita.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa mashine za kukoboa,
Bonde la Usangu, Mbarali.